Siku moja maishani mwangu: kuitazama DNA ikibadili umbo kwa infraredi

Saa 1 asubuhi. Kabla ya yote naijaza detekta (sehemu ya mashine inayopokea mwanga wa infraredi, ule tusiouona kwa macho) naitrojeni ya kimiminika, ile ya nyuzi 196 chini ya sifuri, unamimina taratibu, miwani na glavu umevaa, na chumba lazima kipitishe hewa maana ile gesi ikijaa inaifukuza oksijeni. Afu naangalia kama hewa kavu imepita ndani ya mashine usiku kucha. Hapa sina msamaha kabisa. Mvuke wa maji una mistari myembamba kibao kati ya 1300 na 1900, palepale zinapoonekana besi za DNA (zile herufi zake nne), sasa mashine ikiwa na unyevu unaweza kuona vilele vya mvuke (kilele ni pale mwanga unapomezwa zaidi) ukadhani umegundua kitu. (Hizi namba ni sm⁻¹, yaani mawimbi mangapi yanaingia kwenye sentimita moja, ndo tunavyohesabu huku.)

Saa 2. Napiga skani ya dirisha tupu, bila sampuli, ili baadaye mashine iitoe kwenye hesabu. Dirisha langu ni la zinki selenaidi. Wengi wanapenda kalsiamu floraidi kwa sababu haiogopi maji, lakini ukishuka chini ya 1000 hivi inaanza kuziba mwanga, na mimi nataka kufika mpaka 800 huko kwenye sukari ya DNA (sukari na fosfeti ndo uti wa mgongo wa kila uzi wake), kwa hiyo zinki selenaidi tu, na asidi isiisogelee maana inatoa gesi ya sumu.

Saa 3. Sampuli ni DNA ya manii ya samaki salmoni, chumvi yake ya sodiamu, imeshakauka juu ya dirisha ikawa utando mwembamba. Naiweka kwenye kichumba kilichofungwa, na chini kuna maji yaliyoshiba potasiamu naitreti, ambayo kwenye joto la kawaida yanashikilia unyevu wa hewa karibu asilimia 93. Hakuna mtambo wa gharama hapo, chumvi inafanya kazi yenyewe.

Saa 4 na nusu utando umetulia, napiga skani. Hii ndo DNA ya umbo B, ile ya vitabuni, jozi 10 na kitu za besi kwa kila mzunguko wa msokoto. Fosfeti iko karibu 1225, besi zilizoshikana zinaonekana karibu 1715, sukari iko 835 hivi. Nimeiona picha hii mara nyingi na bado naipenda.

Saa 5 nabadilisha, natoa potasiamu naitreti naweka maji yaliyoshiba chumvi ya kawaida, ile ya mezani, yenyewe inashikilia asilimia 75. Halafu kungoja. Huwezi kuiharakisha, maji yanatoka kwenye utando kwa muda wake, nikienda kula narudi bado yanatoka.

Wakati nangoja niseme kwa nini hizo namba mbili. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 watafiti Rosalind Franklin na Raymond Gosling walikuwa wanapiga eksirei nyuzi za DNA, wakaona nyuzi zilezile kwenye unyevu wa asilimia 75 zinatoa picha moja na kwenye 92 zinatoa nyingine kabisa, ndo tukapata umbo A (la unyevu mdogo) na umbo B (la unyevu mwingi). Eksirei inakwambia umbo zima. Infraredi inakwambia kila kifungo kinatikisikaje, na kifungo ni kama waya wa gitaa, ukikazwa mlio unapanda. Maji yakiishikilia fosfeti mlio wake unashuka, yakiondoka unapanda. Watafiti Falk, Hartman na Lord walitumia infraredi hivihivi mwaka 1963 kufuatilia maji yanakaa wapi kwenye DNA, kwa hiyo njia ni ya zamani na bado haijachoka.

Saa 8 mchana ndo saa yangu. Napiga skani kila baada ya dakika chache na naona fosfeti inahama kutoka 1225 kwenda 1240, ile 835 inafifia, inazaliwa nyingine karibu 860, na pale 1188 ambapo hapakuwa na kitu kinachomoza kilele kidogo ambacho ndo alama ya A. Sukari imejikunja upande mwingine, fosfeti zilizokuwa mbalimbali kama angstromu 7 (angstromu ni sehemu moja ya milioni kumi ya milimita) zimesogeana hadi karibu 6, sasa zinagawana maji yaleyale badala ya kila moja kuwa na yake. Msokoto umekuwa mfupi na mnene, jozi 11 kwa mzunguko. Yaani maji kupungua tu!

Mdogo wetu wa maabara akauliza, "Kaka, tunajuaje kwamba nyuzi hazijaachana tu?" Swali zuri sana. Nikamwonesha ile ya karibu 1715, imesogea kidogo tu kuelekea 1705, ingekuwa besi zimeachiana ingeporomoka na kilele kingehamia chini zaidi. Na jibu la pili ni kurudisha unyevu.

Saa 9 na nusu narudisha potasiamu naitreti. Kufika saa 11 fosfeti imerudi 1225 na 1188 imepotea. Ukishaona hivyo hubishi tena kwamba ni umbo na sio uharibifu.

Wapo wanaosema A ni kitu cha kwenye dirisha tu, seli hai zina maji tele. Mi sikubaliani nao. Vijimbegu vya bakteria vya jamii ya Bacillus (yaani bakteria waliojifungia kusubiri hali nzuri) vina protini ndogo zinazojibandika kwenye DNA, na mwaka 1991 ilioneshwa, infraredi ikiwemo, kwamba zinaisukuma kutoka B kwenda A, na hilo linahusiana na jinsi vijimbegu hivyo vinavyovumilia mwanga wa urujuanimno. RNA yenye nyuzi mbili nayo inakaa umbo la A hata ikiwa kwenye maji.

Saa 12 jioni ni kompyuta. Natoa mabaki ya mvuke, nanyoosha mstari wa chini, napima kila spektra (ile picha ya vilele) kwa kilele cha 970 ambacho hakihamihami, ndo nalinganisha. Jina la kila faili lina unyevu na joto, bila hivyo spektra haina maana. Kesho ni DNA ya besi G na C zinazopokezana kwenye chumvi nyingi, ile ambayo msokoto wake unageukia kushoto ikawa umbo Z, fosfeti yake natarajia iende karibu 1215.