Bahari iliyokosa pumzi

Nimerudi sasa hivi kutoka Whitby, pwani ya Uingereza. Vidole bado vyeusi.

Nasoma kemia ya miamba, ila miezi yote hii nilikuwa naona unga tu ndani ya vichupa. Leo nimeuona mwamba wenyewe.

Nikaokota kipande kilichoporomoka, nikakipasua kwa kisu. Kikafunguka ukurasa kwa ukurasa, nyembamba kama za msahafu, kikanukia mafuta.

Hakuna hata tundu moja la mnyoo! Miaka milioni 183 iliyopita mwamba huu ulikuwa matope ya sakafu ya bahari, na hapo chini hapakuwa na oksijeni ya kumtosha mnyoo.

Ushahidi mwingine umo kwenye molibdeni, metali iliyoyeyuka kidogo kidogo katika maji ya bahari. Atomi zake hazilingani uzito; kila aina huitwa isotopi. Bahari ikiwa na hewa, isotopi nyepesi hunata kwenye madini ya manganisi sakafuni, nzito hubaki majini. Hewa ikiisha, maji yakajaa ile gesi ya mayai viza, molibdeni huzama karibu yote, nyepesi na nzito pamoja. Eneo hilo lisilo na hewa likitanuka, uwiano wa nyepesi na nzito katika bahari yote hubadilika, na matope hutunza kumbukumbu.

Nilikaa na kipande hicho kiganjani mpaka maji yakaanza kujaa. Sikutaka kukiachia.

Ndugu zangu wa pwani, mmewahi kuona samaki wakija juu kutweta? Wapi, msimu gani? Niambieni.