Kuchi wa Mama Mkubwa

Likizo ya Desemba 2004 nilipelekwa kwa mama mkubwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, na kazi niliyopewa ilikuwa kuku. Walikuwa kama ishirini, wa kienyeji, wale wa kuchakura jalalani na kulala mtini. Katikati yao alikuwamo jike mmoja wa kuchi, aina ya kuku wagomvi. Miguu mirefu, shingo wima, kifua kisicho na manyoya, chekundu kama kimeungua jua, na mdomo mfupi uliopinda kama wa kasuku. Akipita, wenzake wanampisha.

Kwa binadamu alikuwa mpole kuliko kuku wote pale. Mama mkubwa alimbeba kwapani kama mkoba, naye ametulia tu. Ugomvi wake ulikuwa na kuku wenzake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba watafiti wa vinasaba wamekuta kuchi wa Tanzania ana undugu na Shamo, kuku wa kupigana wa Japani, hasa wale wa mkoa uitwao Kochi. Sikushangaa hata kidogo.

Alitaga mayai tisa, akayalalia. Mama mkubwa hakupenda. Kuchi ni mzito, akikanyaga vibaya yai limepasuka, ndiyo maana wengi humpa kuku wa kienyeji amlalie. Lakini siku zile hapakuwa na mwingine aliyetaka kulalia, ila koo mmoja mwekundu aliyekuwa na mayai yake. Basi akaachwa kwenye tenga lake, na ule upole ukaisha siku hiyohiyo. Ukisogea tu, anavimba mpaka tenga linajaa. Siku ya 21 wakatoka saba. Mayai mawili yalikuwa viza.

Yule koo mwekundu naye alitotoa siku moja na yeye. Siku ya tatu akakanyagwa na gari barabarani, akaacha vifaranga watano weupe. Mimi na akili zangu za kidato cha kwanza nikawabeba kwenye kofia, mchana kweupe, nikawamwaga katikati ya wale weusi wa kuchi.

Akasimama. Akawatazama kwa jicho moja, akageuza kichwa, akawatazama kwa la pili. Kisha akadona. Wa kwanza alirushwa pembeni na hakuinuka tena. Wa pili nilimwahi, kichwa kinavuja damu. Nikawakusanya wanne waliobaki huku mikono inatetemeka, nikaenda jikoni kusema nilichofanya.

Mama mkubwa hakunifokea. "Baba, huyo mchana anaona rangi," akasema. "Tusubiri giza."

Usiku akaja na koroboi, akaniachia niishike mbali. Akapenyeza mkono chini ya yule kuku taratibu, akaacha kifaranga mmoja, akatulia, akaacha mwingine. Kuchi akanguruma kidogo kooni, akainua bawa. Wa mwisho alikuwa yule mwenye jeraha. Tulimpaka majivu, nikawa na hakika kwamba asubuhi nitamkuta amekufa.

Sikutaka kufunua tenga, mama mkubwa akanilazimisha. Kuchi akatoka na kuanza kuchakura, akapata mchwa, akauponda kwa mdomo, akaita: ko ko ko. Wakaja kumi na mmoja wakigombania. Yule wa jeraha alifika wa kwanza, akala palepale chini ya mdomo uliomtoboa jana yake. Hakuguswa.

Wiki hiyo mwewe akashuka. Koo wengine huwa wanapiga kelele na kukimbilia chini ya ghala. Huyu aliruka juu kumpokea, miguu mbele kama jogoo ulingoni, wakaanguka wote wawili, na mwewe ndiye aliyeondoka akipepesuka. Wanasema kuku mwenye watoto halengwi jiwe. Kwa huyu, wa kuonewa huruma ni mrushaji. Tangu siku ile alimpiga mbuzi, akaipiga baiskeli ya baba mkubwa, akanipiga mimi kila nilipopeleka pumba. Nina kovu dogo kwenye goti mpaka leo.

Asubuhi ya kurudi shule, Januari, mvua ilikuwa inanyesha. Nilimwona chini ya ukingo wa ghala, mbawa zimefunguka, vijiguu vimejaa chini yake hata sikuweza kuvihesabu. Yule wa jeraha, kichwa kimebaki na upara, alikuwa amepanda mgongoni.