Feni tatu zinatosha, ukijua hewa inapita wapi

Ukizunguka maduka ya kompyuta ya katikati ya Kampala utaonyeshwa makasha ya kioo yenye feni sita au saba, zote zikimetameta rangi kama ukumbi wa harusi. Usimuulize muuzaji feni ni ngapi. Muulize hewa inaingilia wapi na inatokea wapi. Akikimbilia kukuonyesha rimoti ya taa, msalimie na uende duka la pili.

Kasha la kompyuta, ambalo wengi mtaani huliita CPU, ni kama chumba. Ukifungua dirisha la mbele na mlango wa nyuma, upepo unapita. Ukifungua madirisha matatu ya upande mmoja tu, unakaa na jasho lako. Hewa baridi iingie kwa mbele au chini, ipite juu ya kadi ya michoro na prosesa (vipande viwili vinavyochemka zaidi), kisha itokee nyuma na juu.

Kwanza ujue feni inavuta upande gani. Hewa huingia kwenye uso ulio wazi, ule unaoonyesha mapanga peke yake, na kutokea upande wenye vile vijiti vinavyoshika mota, ambako mara nyingi pana stika. Baadhi zina mishale miwili midogo kwenye fremu: mmoja wa mzunguko, mwingine wa hewa. Kosa ninalolikuta zaidi kwenye makasha ya kioo linatokana na urembo. Feni za ubavuni zikivuta hewa kuingia ndani, mgongo wake wenye vijiti ndio unaoonekana kupitia kioo, kwa hiyo fundi anazigeuza zipendeze. Matokeo yake feni zote zinatoa na hakuna inayoingiza. Kama unataka uzuri na hewa pamoja, ziko feni zenye mapanga yaliyopindwa kinyume kwa ajili ya kazi hiyohiyo.

Kwa kasha la kawaida anza hivi: feni mbili za milimita 120 mbele zikiingiza, moja ya 120 nyuma ikitoa. Ya mbele ya chini iwe usawa wa kadi ya michoro, ya juu usawa wa prosesa. Feni ya prosesa yenyewe, kama ni ya mnara (imesimama wima kando ya mabamba ya kupoza), ipulize kuelekea nyuma ili ipokezane na ile ya kutoa. Kama kuna kizimba cha kuwekea diski (hard disk) nyuma ya feni za mbele na hukitumii, kifungue ukitoe, maana kinazuia upepo. Nyaya zipitishe nyuma ya ubao mama na uzifunge.

Kwa nini mbili kwa moja? Vumbi. Vumbi jekundu la barabara za maramu ni laini, na linaingia popote penye nafasi. Feni za kutoa zikizidi, kasha linakuwa na njaa ya hewa na kuivuta kupitia kila ufa: tundu za USB, nafasi za kadi, pembe za kifuniko. Huko hakuna chujio. Feni za kuingiza zikizidi, hewa inasukumwa nje kupitia nyufa hizohizo, na inayoingia yote inapita kwenye chujio. Kumbuka pia chujio lenyewe linapunguza nguvu ya feni, kwa hiyo feni moja ya kuingiza kwa moja ya kutoa, zilizo sawa kwenye karatasi, huwa ni upungufu wa hewa kwenye kasha.

Ukiwa na feni ya nne, iweke juu sehemu ya nyuma, ikitoa. Usiiweke juu sehemu ya mbele, kwa sababu hapo inanyakua hewa baridi iliyotoka tu kuingia na kuitupa nje kabla haijafika kwenye prosesa. Feni za bei nafuu zenye bushi badala ya beringi hazipendi kulazwa juu. Zinaanza kukwaruza mapema. Na tafadhali, kile kitambaa kizuri cha kushona kinachofunika kompyuta sebuleni kiondolewe mashine ikiwa inawaka. Kimeziba mlango wa joto.

Pawasaplai (kisanduku kinacholisha kompyuta umeme) ikiwa chini, feni yake iangalie chini iwapo kuna chujio na miguu ya kutosha. Kasha likikaa juu ya zulia, geuza feni iangalie juu, au bora zaidi, liinue kasha sentimita 10 hivi kutoka sakafuni; utaliokoa pia na maji ya kupigia deki. Nyuma yake acha sentimita 10 hadi 15 kabla ya ukuta. Meza zile zenye kabati la kuingizia kasha zinapika mashine: hewa ya moto inazunguka na kuingia tena mbele.

Upande wa umeme, feni ya pini 4 inaongozwa kwa PWM (mapigo ya haraka yanayoiamuru kasi), ya pini 3 kwa kupunguza volti, njia inayoitwa DC. Ukichomeka ya pini 3 na kuacha BIOS (menyu ya mipangilio ya ubao mama) kwenye PWM, itazunguka kasi yote muda wote. Badilisha iwe DC. Soketi nyingi za feni kwenye ubao mama zinabeba ampea 1. Soma stika: feni ya ampea 0.2 unaweza kuunganisha tatu kwenye soketi moja bila wasiwasi, ila ukifika saba tafuta kigawanyio kinachopata umeme moja kwa moja kwenye pawasaplai. Plagi ya taa ni jambo lingine. Ya volti 5 ina pini 3, ya volti 12 ina pini 4, na taa za volti 5 zikipewa 12 zinaungua papo hapo. Usilazimishe.

Kasi nayo: kwa joto la prosesa la nyuzi 40 weka asilimia 40, kwa 60 asilimia 60, kwa 75 asilimia 85, kisha 80 na kuendelea kasi yote. Wenye kucheza gemu au kuchakata video wana tatizo moja hapa. BIOS kwa kawaida inaangalia prosesa tu, huku kadi ya michoro inachemka na feni za kasha zimelala. Programu ya FanControl kwenye Windows inaweza kufuata joto la vyote viwili.

Usitarajie namba za joto unazoziona kwenye video za Ulaya. Prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa ya chumba, na chumba cha mabati saa nane mchana ni cha moto. Isitoshe Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa takriban sehemu moja ya kumi, kwa hiyo feni ileile inabeba joto pungufu kidogo kwa kila mzunguko.

Kupima ni rahisi. Washa udi, pitisha moshi kwenye kila tundu, utaona kinachovuta na kinachosukuma. Halafu endesha kazi nzito dakika 20, andika joto, toa kifuniko cha ubavuni, rudia. Joto likishuka nyuzi 2 au 3, mpangilio wako uko sawa. Likishuka 8 au 10, mbele pamebanwa: kioo kiko karibu mno na feni au chujio limejaa.

Chujio lioshe kila wiki mbili wakati wa kiangazi kama unakaa kando ya maramu, na likauke kabisa kabla ya kulirudisha. Wanaofunga soksi ya nailoni badala ya chujio hawajakosea, ila inaziba haraka, waioshe kila wiki. Chandarua cha mbu kina matundu makubwa mno kwa vumbi hili. Ndani safisha kwa brashi na blowa ndogo, ukishika mapanga yasizunguke, maana yakikimbizwa na upepo beringi inaumia na mota inaweza kurudisha umeme kwenye ubao. Kompresa ya kujazia magurudumu ya boda usiiguse kabisa: inatema maji na mafuta pamoja na hewa.

Na msimu wa kumbikumbi, zima taa za feni usiku. Wanafuata mwanga, wanaacha mbawa zao kwenye chujio, na asubuhi kompyuta inavuma kama ndege inayopaa Entebbe.