Kama umeweka nyumba rehani, soma kwanza karatasi uliyosaini

Askari mstaafu wa Katuba au Ruashi, hapa Lubumbashi, akidaiwa nyumba, mara nyingi anakimbilia auditora ya jeshi (ofisi ya waendesha mashitaka wa kijeshi), kwa kuwa ndiyo anayoizoea. Huko anapoteza siku bure. Ugomvi wa deni ni kesi ya kiraia, na mtu aliyevua uniformu anashitaki kama raia mwingine. Na mkopeshaji akikuitisha kwa OPJ (ofisa wa polisi anayepeleleza makosa), jua kwamba kushindwa kulipa deni peke yake si kosa la jinai. Usisaini ahadi yoyote mbele ya polisi ili tu urudi nyumbani.

Sasa angalia kichwa cha karatasi. Watu wa Banque Lambert (wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa) hawaandiki rehani, wanakusainisha acte de vente (karatasi ya mauzo), halafu wanashika sertifika yako (hati ya umiliki wa nyumba). Kushika sertifika hakumpi mtu haki juu ya nyumba. Hatari ni ile acte de vente, maana nayo anaweza kwenda kwa konservateri (ofisa anayeandikisha hati za ardhi na nyumba) kugeuza jina. Chukua namba za Volume na Folio zilizo juu ya sertifika, uende ukaulize nyumba imeandikwa kwa nani. Ikiwa jina limegeuzwa, sheria ya ardhi ya 1973 inakupa miaka 2 tu ya kuomba sertifika hiyo ifutwe. Ikipita, unabaki kudai fidia ya pesa. Avoka (wakili) wako aombe pia amri ya juji ya kuzuia nyumba isiuzwe tena.

Mbele ya juji onyesha kwamba ulikopa, hukuuza: risiti na ujumbe wa simu wa pesa ulizomlipa baada ya tarehe ya "mauzo", na kwamba uliendelea kukaa bila kulipa pesa ya kupanga. Nani anauza nyumba halafu anamlipa mnunuzi kila mwezi? Angalia pia kama mke wako alisaini. Sheria ya Familia (Code de la famille) inataka kibali cha mume na mke kabla ya kuuza nyumba au kuiweka rehani.

Kwa benki, mambo ni tofauti. Kongo iko katika OHADA (umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja ya biashara) tangu 2012. Kipengele cha mkataba kinachosema benki itajichukulia nyumba ya kuishi bila tribinali hakina nguvu. Lazima wisie (ofisa wa tribinali anayepeleka karatasi) alete commandement, yaani amri ya kulipa, na hapo una siku 20 za kulipa. Wengi wanakataa kuipokea, wakidhani wameizuia; wisie anaandika tu kwamba umekataa, na siku zinaendelea kuhesabiwa. Ipokee, andika tarehe na saa pembeni, mpelekee avoka siku hiyohiyo. Juji anaweza kukugawia malipo kwa muda usiozidi mwaka 1, basi ambatanisha karatasi ya pensheni kuonyesha unachoweza kutoa kila mwezi.

Huna pesa ya avoka? Kila barreau (chama cha mawakili) ina ofisi ya ushauri wa bure. Omba attestation d'indigence (karatasi inayothibitisha huna uwezo) kwanza, na usiwaachie karatasi za asili, peleka fotokopi.