Kitambaa Kinachofuta Kila Kitu Buchani

Niingiapo buchani, hukitazama kitambaa kabla sijaitazama nyama. Mara nyingi ni kimoja tu, kinachofuta kisu, gogo, mzani na mikono, kisha kikatundikwa kikiwa kimelowa damu. Humo bakteria hupata maji, chakula na joto kwa pamoja, na katika hali kama hiyo E. koli, bakteria wa utumboni, huweza kuongezeka maradufu kwa takriban dakika 20, hivyo muuzaji anayeamini kwamba anasafisha huwa anaeneza uchafu kutoka kifaa kimoja hadi kingine.

Nyama ya mnyama aliyechinjwa akiwa na afya njema kwa kawaida haina bakteria ndani ya msuli. Wanaokutwa juu yake wametoka kwenye ngozi, kwato na utumbo uliotobolewa wakati wa kuchuna, na wengine huongezwa na visu, nzi na mikono ya watu. Kwa sababu hiyo, nyama ya kusaga hunitia wasiwasi zaidi kuliko kipande kizima, kwani mashine huchukua kilichokuwa juu na kukichanganya hadi katikati, na isipofunguliwa na kuoshwa, mabaki ya jana huingia katika nyama ya leo. Nchini Marekani, kati ya mwishoni mwa 1992 na mwanzoni mwa 1993, zaidi ya watu 700 waliugua na watoto wanne wakafariki kutokana na E. koli aina ya O157:H7 iliyokuwa katika nyama ya kusaga ambayo haikuiva sawasawa.

Gogo nalo lina nyufa zilizochimbwa na shoka, ambazo kitambaa hakizifikii kamwe. Linahitaji kukwanguliwa, kusuguliwa kwa maji ya moto na sabuni, kisha kuachwa likauke kabisa. Sidai kwamba wauzaji ni wazembe, kwa maana hakuna anayeweza kufanya hayo katika duka lisilo na maji ya bomba, na anayepanga chumba cha bucha bila sinki anastahili lawama kuliko anayekata nyama humo.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni imani yetu katika pua. Harufu mbaya huletwa na bakteria wanaoozesha nyama, ilhali Salmonela, bakteria anayeleta ugonjwa, huweza kuwamo bila kubadilisha rangi wala harufu. Stafilokokasi, bakteria anayeishi puani na kwenye ngozi ya binadamu, hutoa sumu isiyoharibiwa na moto wa jikoni, kwa hiyo nyama iliyoshikwa kwa mikono michafu na kukaa saa nyingi kwenye joto haiokolewi na kupikwa. Iliyohifadhiwa chini ya nyuzi 5 za Selsiasi huwa salama zaidi, na ile ya kusaga inapaswa kufikia nyuzi 71 katikati. Kuisuuza chini ya bomba hurusha matone yenye bakteria kwenye sinki na vyombo vilivyo karibu, kwa hiyo nyumbani mwangu hutoka kwenye mfuko na kuingia sufuriani moja kwa moja.