Jiko la Mama liko chini ya jiwe

Nyumba ya Mama ya Buhene, kaskazini mwa mji wa Goma, Kongo, sikuwahi kuiona. Mabati yake niliyalipia mimi, mwaka 2012, nikiwa Liège, Ubelgiji, nikatumiwa picha: mbao zilizopakwa rangi ya buluu, mlima nyuma yake. Tarehe 22 Mei 2021, Jumamosi jioni, Nyiragongo, volkano yetu, ilipasuka, na lava ikaja kusimama hapohapo Buhene, karibu kabisa na uwanja wa ndege. Nyumba ikaisha kabla sijaikanyaga.

Agosti 2025 nikarudi, baada ya miaka 16. Nilipitia Kigali na Gisenyi kwa sababu uwanja wa Goma ulikuwa umefungwa tangu mapigano ya Januari, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23. Nikavuka mpaka wa Grande Barrière kwa mguu. Mdogo wangu alikuwa upande wa pili na motari wawili, madereva wa pikipiki, mmoja wa mizigo.

Majengo, kartie (mtaa) niliyokulia, nilipotea. Nilipoondoka, ukipanda kidogo tu kuelekea kaskazini ulianza kukuta mashamba ya maharagwe na mtama, na mawe meusi katikati. Sasa nyumba zinaendelea, mabati kwa mabati, wauza makala (makaa), saluni, makanisa, hadi Munigi na kupita. Huwezi kujua mji unaishia wapi na wilaya ya Nyiragongo inaanzia wapi mpaka mtu akuoneshe.

Huko Ulaya niliulizwa mara nyingi: kwa nini watu wanajenga kuelekea volkano? Nami nilimuuliza Mama swali hilohilo kwenye simu, kwa ukali, wiki ile aliyopoteza kila kitu. Leo naona aibu. Goma itapanuka wapi? Kusini ni ziwa. Mashariki ni mpaka wa Rwanda. Na watu hawakuacha kuja. Mwaka 1988 Kivu ilipogawanywa, Goma ikawa makao makuu ya jimbo, wakaja wafanyakazi na wafanyabiashara. Mwaka 1994 wakaja wakimbizi wa Rwanda kwa mamia ya maelfu, na kipindupindu pamoja nao. Kisha vita vya Masisi, Rutshuru na Walikale, wilaya za jimbo letu, vikawaleta wakulima waliokuwa na ng'ombe na ardhi nzuri, wakaanza upya na chumba kimoja cha kupanga. Aliyetaka parseli (kiwanja) yake mwenyewe alifuata bei, na bei ilishuka kadiri ulivyousogelea mlima. Lava ya 1977 iliua watu vijijini huko juu. Ya 2002 ilishuka hadi ziwani, ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya kaskazini ya njia ya ndege. Watu walikimbilia Gisenyi, na baada ya siku chache walikuwa wamerudi, mawe bado ya moto. Nilikuwa miongoni mwao, mtoto wa miaka 12, soli za viatu zikinata.

Mama alinipokea kwenye njia. Amekuwa mdogo. Hakulia, alinishika mkono tu, akanipandisha juu ya jiwe. Ni jiwe kweli, linalokwaruza kama msumeno, na katika nyufa zake majani madogo yameanza kuota. Akasimama mahali, akapiga mguu chini.

"Papa, hapa ndiko kulikuwaka jiko."

Nikamuuliza amejuaje. Akanionesha mparachichi wa jirani, ambao lava iliuacha kwa hatua chache. Kutoka kwenye mti ule majirani walipima mipaka yote ya viwanja vya avenii (barabara yetu), kwa hatua za miguu na kwa kumbukumbu. Walizozana siku tatu, kisha wakakubaliana. Hati zilikuwa zimeungua.

Siku tano baada ya mlipuko, mji ukitetemeka, amri ilitolewa kwamba kartie 10 za Goma zihame. Mama akaenda Sake, mji ulio magharibi mwa Goma, kwa mguu, na bido (dumu) la maji kichwani. Sikujua habari ya bido. Maji ndiyo tabu kubwa ya huku kuliko hata mlima, kwa kuwa mawe haya yanameza mvua yote na hakuna mto. Kila asubuhi watoto wanapanga mabido ya njano wakingojea gari la maji.

Juu zaidi, Kanyaruchinya, tulipita palipokuwa na kambi ya waliohama. Februari 2025 watu waliambiwa warudi makwao, kambi ikabaki tupu. Duara za mawe yaliyoshikilia mahema bado zipo, nyingi, hazihesabiki. Baadhi ya familia hazikurudi popote. Zimepanga vyumba Buhene, na watoto wao wanasoma na watoto wa wenyeji.

Mdogo wangu huvunja jiwe kwa nyundo kila asubuhi kabla ya jua kali. Lava iliyounguza nyumba ndiyo inayotoa mawe ya ukuta mpya; yanayobaki anauza, chukudu, baiskeli za mbao za kusukuma, zinakuja kubeba. Ukuta umefika kiunoni. Nami nimeshika nyundo, siku ya kwanza mikono ikatoka malengelenge, Mama akanipaka mafuta ya mawese.

Jiko jipya lilitangulia kukamilika. Aliagiza lijengwe palepale alipopiga mguu. Jana jioni alitupikia sombe (kisamvu) na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, tukakaa kwenye vigoda mlangoni, moshi ukitutoa machozi. Mdogo wangu anasema lile la zamani liko mita mbili chini yetu, na kwamba sufuria kubwa ya harusi ya Mama ilibaki mekoni.