Mkanda Usionitosha

Mwezi uliopita, katika zahanati moja hapa Nairobi, nilimweleza daktari kwamba goti linaniuma tangu nilipoanguka nikishuka kwenye matatu, naye, bila kuligusa wala kuinua macho, akaniambia nipunguze chapati. Muuguzi alinifunga mkanda mdogo wa kupimia presha, ukawa unafyatuka kila ulipojaa hewa. Na mkanda mdogo kwenye mkono mnene huonyesha presha ya juu kuliko ilivyo, hata mtu akaandikiwa dawa asizozihitaji. Sikatai kwamba unene, ambao Shirika la Afya Duniani huuhesabu kuanzia 30 kwenye BMI, kipimo cha uzito wa mtu ukilinganishwa na urefu wake, huongeza hatari ya kisukari. Ila mwanamke aliyeaibishwa huchelewa kurudi, hata anapohisi uvimbe kwenye titi. Dada yangu alichelewa miezi minane.